Peponi: Hadithi ya Kijana Aliyewekwa Rehani

Mwezi huu twapenda kusema habari za kitabu kimoja ambacho, kwa maoni yetu, kila nyumba ya mwambao huu yenye watu wajuao kusoma ingefaa kuwa nacho, ijapokuwa si kitabu cha kumpa mtoto mdogo. Jina lake ni Peponi. Aliyekitunga ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyeondoka kwao angali kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza, akawa mwalimu wa chuo kikuu huko. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Mwaka 2021 mtungaji alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya maandiko yake, na mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis alikifasiri kwa Kiswahili, kikapigwa chapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Basi watu wa pwani walingoja miaka 28 kusoma kwa lugha yao hadithi ya pwani yao.

Kitabu hiki ni cha jamii ya hadithi za kale zenye safari na hatari ndani yake. Jamii hiyo si ngeni kwetu. Wazee waliosoma kabla ya vita ya pili ya dunia walikuwa na Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vilivyofasiriwa kutoka Kiingereza, na wengi walivipenda, kwani kijana hupenda bahari, bunduki na mali iliyofichwa. Lakini katika Mashimo ya Mfalme Sulemani msomaji Mwafrika hujikuta amewekwa mahali pa ajabu. Mwenye macho ya kuona na kalamu ya kuandika ni mwindaji wa Kizungu. Watu weusi ama ni wapagazi, ama ni mashujaa wa kustaajabiwa, ama ni wachawi. Mtoto wa Kaole au wa Mlingotini aliisoma safari ile akiwa upande wa mwenye bunduki, wala hakuna aliyemwambia kwamba babu yake pengine alikuwa upande wa mzigo.

Ili tukipime kitabu cha Gurnah sawasawa, yafaa tuweke kando yake kitabu kingine cha Kiingereza ambacho kimesomwa sana na vijana mashuleni Ulaya na Marekani. Ni Cue for Treason cha Geoffrey Trease, kilichotoka mwaka 1940. Kwa Kiswahili jina lake laweza kuwa Ishara ya Uhaini, maana mchezaji aliye nyuma ya jukwaa hungoja neno fulani lisemwe ndipo atoke mbele za watu, na katika kitabu hiki neno hilo ndilo litakaloleta mauti. (Sisi wa Bagamoyo, ambao mji wetu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, hatuna haja ya kuelezwa sana mambo ya jukwaa.)

Hadithi yenyewe ni ya siku za mwisho za Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala Uingereza tangu 1558 hata 1603, wakati Shakespeare alipokuwa akitunga michezo yake London. Kijana mmoja wa milimani kaskazini, Peter Brownrigg, mwenye umri wa miaka 14, aona malisho ya wanakijiji wote yamezungushiwa ukuta na bwana mkubwa aitwaye Sir Philip Morton. Usiku watu wa kijiji waenda kuubomoa. Peter amrushia bwana yule jiwe, na tangu saa ile hana budi kukimbia kwao. Apata maficho katika kundi la wachezaji wanaozunguka nchi, na humo akutana na mwenzake, Kit, ambaye kumbe ni msichana aliyevaa nguo za kiume, naye akimkimbia huyo huyo Sir Philip anayetaka kumwoa kwa ajili ya mali yake. Wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kupanda jukwaani. Wavulana ndio waliocheza kama wanawake. Hivyo Kit ni msichana ajifanyaye mvulana, na kazi yake ni kuigiza msichana! Wawili hawa wafika London, wapokelewa katika kundi la Shakespeare mwenyewe, wagundua shauri la siri la kumwua malkia siku ya mchezo, na baada ya mbio na mapigano mengi malkia asalimika.

Twakisifu kitabu hiki kwa jambo moja kubwa. Trease alikasirishwa na hadithi za vijana za siku zake ambazo daima ziliwapa mabwana haki na watu wadogo upumbavu. Tangu kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1934 alitaka vijana wayaone mambo ya kale kwa macho ya mtu asiye na ardhi wala cheo. Hapa alifaulu. Mwenye kusimulia ni kijana aliyenyang'anywa malisho. Na ukuta ule tunaujua. Hakuna kijiji kati ya Bunju na Saadani kisichofahamu maana ya kuamka asubuhi na kukuta uzio mahali palipokuwa njia.

Walakini kuna faraja moja katika kitabu hicho ambayo hatuiamini sana. Bwana mbaya ni mhaini, na kwa kuwa ni mhaini, malkia yuko upande wa kijana. Ubaya wote umekusanywa katika watu wachache. Wakishikwa hao, nchi imetakata. Kijana aliyevunja sheria kwa jiwe moja arudi kwao akiwa ameokoa kiti cha enzi, na mwisho amwoa Kit. Ni mwisho mzuri, na mwalimu aweza kuusoma darasani mchana wa joto pasipo mtoto hata mmoja kusinzia. Lakini je, ingekuwaje kama kijana yule angekimbia, akatazama huku na huku, asimwone malkia yeyote wa kumwokoa?

Swali hilo ndilo Peponi.

Yusuf ana umri wa miaka 12 hadithi ianzapo. Anakaa Kawa, mji wa bara uliopata uhai kidogo Wajerumani walipoufanya kituo cha kazi ya reli, kisha ukafifia. Babaye ana hoteli ndogo isiyoleta faida. Mara kwa mara hufika tajiri mmoja wa pwani, Bwana Aziz, mtu mpole, anukiaye vizuri, ambaye mtoto amefundishwa kumwita kwa jina la udugu, na kila aondokapo humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf aambiwa afunge vitu vyake, atasafiri naye kwa gari la moshi. Mama hatoi machozi mbele yake, baba hasemi sababu. Afikapo pwani awekwa dukani pamoja na kijana mwingine, Khalil, mwenye maneno mengi na mizaha mikali, na huyu ndiye amwambiaye ukweli: yule si ndugu yako, baba yako ana deni, na wewe ndiwe malipo. Wewe u rehani, kama mimi.

Neno hili rehani tuliangalie, maana wasomaji wengi huliona kuwa ni jambo la pete na mashamba tu. Desturi ya kumweka mtu rehani ilijulikana katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, na wakati wa njaa au deni ilikuwa njia ya kuponya nyumba kwa kumtoa mmoja. Aliyewekwa rehani si mtumwa kwa jina, kwani deni likilipwa hurudi kwao. Lakini deni lisipolipwa? Na kama mwenye kudai ndiye mwenye kushika daftari? Khalil afahamu hesabu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote katika kitabu, na ndiyo maana mizaha yake huchoma. Gurnah hakuweka tarehe popote penye jambo hili, wala hakusimama kutufundisha. Wakati wa hadithi ni miaka ya kwanza ya karne ya 20, chini ya Wadachi, kama walivyowaita wazee wetu. Serikali ile haikuufuta utumwa kabisa. Iliweka amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ulikomeshwa katika Tanganyika kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Basi Yusuf aishi katika ule mwanya ambao soko la watumwa limefungwa na mtu bado aweza kutolewa kwa deni, na hakuna askari atakayekuja kuuliza.

Msomaji Mkristo, asomapo habari za kijana mzuri wa sura aitwaye Yusuf, aliyetolewa na wa kwao akapelekwa mbali katika nyumba ya tajiri, hukumbuka mara moja mwana wa Yakobo. Hakukosea, mtungaji ametaka tukumbuke. Yumo mke wa bwana, bibi mgonjwa mwenye alama usoni, anayeamini kwamba kijana huyu ana baraka ya kumponya, na siku moja amshika nguo. Katika Mwanzo 39 Yusufu huiacha nguo yake mkononi mwa mwanamke akakimbia. Katika Kurani kanzu hupasuka kwa nyuma, na kupasuka kwa nyuma ndiko kunakoshuhudia kwamba alikuwa akikimbia. Gurnah amefuata ya Kurani, kama ilivyo haki yake, maana watu wa nyumba ile ni Waislamu. Walimu wa dini watakaokitumia kitabu hiki wasiipite tofauti hiyo, kwani watoto wetu hukaa dawati moja na jamaa zao Waislamu, na hapa kuna nafasi njema ya kuzisoma habari mbili za mtu mmoja bila kugombana.

Lakini ajihadhari msomaji asikisome kitabu kana kwamba anaujua mwisho. Yusufu wa Maandiko hufasiri ndoto, akawa mkubwa wa Misri, akawalisha hao waliomwuza. Yusuf wa Gurnah ana ndoto pia, nazo ni za kutisha, wala hazimfasirii neno. Hana Farao wa kumwinua. Wazazi wake hawaji kuomba nafaka. Habari za babaye humfikia zikiwa zimechelewa, na hakuna siku ya kulia shingoni mwa ndugu. Mtungaji amechukua hadithi ambayo sote twaijua kuwa ni hadithi ya maongozi ya Mungu, akaondoa kila ngazi ambayo kijana angepandia. Wako watakaosema kwamba hilo ni kukosa imani. Sisi twaona ni uaminifu kwa wale wengi waliouzwa wasifike kamwe nyumba ya Farao, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Hapo ndipo tunapokutana na mtu ambaye, kwa Wakristo wa Bagamoyo, ndiye mgumu kuliko wote kitabuni: Mzee Hamdani, mtunza bustani. Nyuma ya duka la Bwana Aziz kuna bustani yenye ukuta, birika katikati na mifereji minne ya maji, mfano wa pepo yenyewe. Kitabu kimepata jina kwa hiyo. Mzee huyu huishughulikia kimya, huku akisali na kunong'ona kasida. Alikuwa mtumwa. Bibi wa nyumba alimpa uhuru wake uwe zawadi, akaukataa. Wengi humdhania kuwa ni mtu aliyezoea minyororo hata akaipenda. Yusuf amwuliza, na jibu lake ni kwamba hakuna aliyemwambia bibi yule kuwa uhuru huo ni mali yake hata auweke mkononi na kuutoa. Waweza kumfunga mtu, waweza kumpiga, lakini kile usichokuwa nacho huwezi kukigawa.

Sasa, tuseme wazi. Misheni yetu ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na mwanzo wake ulikuwa kijiji cha waliokombolewa, wengi wao watoto walionunuliwa kwa fedha au kutwaliwa katika majahazi. Wako kati yetu ambao ni wajukuu wa vitukuu vya watu hao, na kila mwaka twatoa shukrani kwa ukombozi ule. Twafanya vema. Walakini waliochunguza barua na daftari za mapadre wameonyesha pia kwamba kijiji kile kilikuwa na kengele yake, zamu zake za shamba, na adhabu zake, na kwamba wako waliokombolewa wakatoroka. Zamani tuliwaita watu hao wasio na shukrani. Anayemaliza kusoma maneno ya Mzee Hamdani atawafikiri kwa namna nyingine. Mtoto aliyenunuliwa ili awe huru bado alinunuliwa. Alijua bei yake. Hatusemi kwamba fedha ile ilitolewa kwa nia mbaya, wala hatupendi wasomaji wachukue maneno ya mtumishi mmoja wa hadithini wakayafanya hukumu juu ya wamisionari. Twasema tu kwamba kitabu hiki kimeuliza swali ambalo mimbari zetu hazijaliuliza, na limeulizwa na mtu apaliliaye maua.

Katikati ya kitabu ni safari, na hapa wapenzi wa hadithi za hatari watapata haki yao. Kwanza Yusuf aachwa kwa muda katika mji ulio chini ya mlima wenye theluji, nyumbani kwa mfanya biashara Hamid Suleiman, ambako kuna mazungumzo ya kuchekesha kuliko yote kitabuni, hasa ya fundi Kalasinga, Mhindi wa dini ya Singasinga, anayetaka kuifasiri Kurani kwa Kiswahili ili wenyeji waone wenyewe yaliyomo. Kisha msafara wa Bwana Aziz waelekea bara pamoja na mnyapara wake Mohammed Abdalla, mtu mwenye fimbo na jina baya, wakapita hata ziwa Tanganyika na ng'ambo yake. Wapagazi wafa kwa maradhi, hongo zazidi kila mahali, mvua hazikomi. Mwishoni wafika kwa mfalme Chatu, naye awashika usiku, awapiga, akatwaa bidhaa zote.

Katika hadithi za zamani Chatu angekuwa mshenzi mkali tu, na msomaji angengoja bunduki za kumkomesha. Gurnah amempa kinywa. Chatu asema kwamba mfanya biashara mwingine aliyetangulia alimdhulumu, na kwamba watu wa pwani wote ni wamoja; basi naye ajilipa. Je, amekosa? Amewatoza wasio na hatia deni la mwingine. Lakini hivyo ndivyo hasa Bwana Aziz alivyomtoza Yusuf deni la babaye, akiwa nyumbani kwake pwani, na udi umefukizwa. Mtungaji hakuandika ulinganifu huo kwa maneno. Ameziweka hesabu mbili katika kitabu kimoja na kutuachia sisi kuzijumlisha.

Kisha aja mwokozi, na mwokozi ni Mjerumani na askari wake. Aamuru bidhaa zirudishwe, na Chatu, aliyetisha watu wote, hana neno. Msafara wafurahi, lakini msomaji aona kwamba kuanzia saa ile Bwana Aziz naye amekwisha. Amepata mali yake kwa kibali cha mtu mwingine, na mwenye kutoa kibali ndiye mwenye nchi. Katika kitabu cha Trease mwenye enzi huja mwishoni na mambo yakatengenea. Hapa mwenye enzi huja, na tangu hapo hakuna mtu wa nchi aliye bwana tena, si Chatu wala Aziz. Kuonyesha kuingia kwa utawala wa kigeni kwa kisa kimoja cha nguo na shaba zilizoporwa, pasipo bendera wala hotuba, hiyo ni kazi ya mtungaji hodari.

Na habari hizi hazikutoka hewani. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alipiga chapa kitabu cha Safari za Wasuaheli, alichokusanya kwa watu wa pwani wenyewe, na ndani yake yumo Selemani bin Mwenye Chande, aliyesimulia safari yake ya bara. Wataalamu wamezilinganisha habari zake na safari ya Peponi, wakaona mtungaji ameitumia, hata katika kisa cha mfalme anayewapora wasafiri. Mtu wa Velten mwingine alikuwa wa kwetu kabisa: Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda katika nchi ya Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, na ambaye kazi yake kubwa, Desturi za Wasuaheli, ilitoka mwaka 1903. Tazameni basi njia ya neno. Mtu wa pwani alisimulia kwa Kiswahili; Mjerumani akaandika na kuchapa; Mzanzibari aliye Uingereza akasoma, akatunga kwa Kiingereza; na mwaka 2022 neno likarudi Kiswahili. Limezunguka zaidi ya miaka 120. Lakini halikurudi lilivyokwenda. Selemani alisimulia kama msafiri mwenye bidhaa. Hasara yake ilikuwa mali. Gurnah amemweka ndani ya msafara ule ule kijana ambaye yeye mwenyewe ni sehemu ya mali. Hiyo ndiyo tofauti kati ya habari na hadithi, na kwa sababu yake twaona si wizi kuchukua safari ya mtu namna hiyo.

Kurudi huku kwa lugha kuna jambo lake. Katika Kiingereza mtungaji aliyaacha maneno kama rehani, mnyapara, seyyid na washenzi yasimame bila kufasiriwa, yamkwaruze msomaji mgeni. Katika Kiswahili maneno hayo yamefika nyumbani, hayakwaruzi tena. Msomaji wa Kiswahili hana budi kujikwaruza mwenyewe, hasa kwa neno washenzi, ambalo watu wa msafara hulitumia mchana na usiku juu ya watu wa bara. Kwa kuwa tumelizoea midomoni, ni rahisi kulipita. Mwalimu mwenye wanafunzi Wanyamwezi, Wagogo na Wazaramo katika darasa moja asilipite.

Kwa upande huo twaona upungufu wa kitabu. Mtungaji ajua kwamba watu wa msafara huwadharau watu wa bara, na huwacheka kwa dharau hiyo. Hata hivyo macho ya kitabu hayatoki msafarani. Ukimtoa Chatu, watu wa bara huonekana kwa mbali, wakidai hongo au wakikimbia, wala hatuingii nyumba yao hata moja na kusikia wasemavyo usiku msafara ukiisha kupita. Wamisionari nao wamepitishwa haraka, katika masengenyo ya watu wa mlimani, na Mwafrika Mkristo hayumo kabisa, ijapokuwa katika miaka ile alikwisha kuwapo, Bagamoyo na bara pia. Hatumdai Gurnah atuandike sisi. Lakini pengo lipo, na litazibwa na mtu wa kwetu.

Wengine watalalamika kwamba sehemu za bustani ni ndefu na hazina tendo. Hatukubaliani nao. Ndani ya ukuta ule kijana apevuka, afahamu kwamba mahali pazuri kuliko pote alipopata kupaona pamejengwa kwa watu waliofungwa, na jambo kama hilo halieleweki kwa mbio.

Mwisho wa kitabu umeleta ubishi mwingi kati ya wasomaji. Ni siku za kuanza vita, 1914. Afisa wa Kijerumani na askari wake wapita mjini wakikamata vijana. Yusuf na Khalil wajifungia dukani. Askari wakiisha kuondoka, Yusuf atoka, na mahali walipolala aona mbwa wakila uchafu wa watu kwa tamaa. Kisha asikia mlango wa bustani ukikomewa nyuma yake, na mara atimka mbio kuwafuata askari. Kitabu kimekwisha.

Je, amekwenda kwenye uhuru au kwenye utumwa wa pili? Wasemao kwamba amechagua wana neno, maana hiyo ni mara ya kwanza miguu yake kumpeleka pasipo kutumwa. Lakini twajua, kama mtungaji ajuavyo, kile kilichongoja mbele. Vita ile ya Afrika Mashariki ilipiganwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi chao cha upande wa Waingereza. Kijana aliyeona mbwa wale kisha akawakimbilia wenye mbwa hakudanganyika. Amechagua bwana anayeonekana badala ya bwana anayenukia vizuri. Peter Brownrigg aliweza kukimbia kutoka kwa Sir Philip hata kwa malkia. Yusuf akimbia kutoka kwa daftari hata kwa bunduki, na katikati hapakuwa na njia ya tatu ambayo mtungaji angeweza kuiweka pasipo kusema uongo juu ya mwaka 1914.

Twabaki na jambo moja, nalo ni Amina. Huyu ni msichana aliyeokolewa mikononi mwa wezi wa watu na baba wa Khalil, akalelewa kama dada yake, kisha akatolewa kwa deni lile lile, akafanywa mke wa Bwana Aziz. Yusuf ampenda, na mazungumzo yao gizani ni mazito kuliko safari yote ya ziwani. Kit wa Trease alivaa suruali ya mvulana, akatoka usiku, akapanda jukwaani akacheza. Amina hana nguo ya kuvaa itakayomtoa. Mlango wa bustani unapokomewa ukurasa wa mwisho, yeye yu ndani, na vita ilipofika mpaka pwani yetu mwaka 1916 bila shaka alikuwa angali ndani. Tulipofunga kitabu tulitaka kujua habari zake kuliko za Yusuf, na kitabu hakisemi.